Mlio wa mbele ya pikipiki unaokuja na kupotea

Muulizaji:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Pikipiki yangu, yenye breki ya diski mbele, ina wiki tatu sasa ikitoa mlio mkavu upande wa mbele, kama sarafu zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikipita polepole kwenye kabro (matofali ya barabarani) za Kibokoni, hapa Mombasa, husikika, lakini nikishika lami ya daraja la Nyali huwa kimya kabisa, hata kwa kilomita 60 kwa saa. Fundi aliyenibadilishia pedi za breki mwezi uliopita ameikagua mara mbili na kukaza nati ya usukani, ila kila nikimfikishia, mlio haupo. Nabeba abiria, kwa hivyo jambo hili linaninyima raha.

Jibu la kwanza:
Badilisha beringi za gurudumu. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu huzila upesi, na yangu ilinisumbua hadi nilipozitoa.

Jibu la pili:
Waaleikum salaam. Kaka, usinunue kipuri kabla ya kupima. Beringi mbovu ya gurudumu kwa kawaida hunguruma kufuata mzunguko wa gurudumu, hata kwenye lami nzuri. Isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa, mwenzako aibonyeze nyuma hadi gurudumu la mbele liinuke, kisha ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza kwenye ekseli, hapo ndugu yetu wa kwanza atakuwa amesema kweli. Shika pia shokamzoba zote mbili kwa chini, uzivute na kuzisukuma: zikigonga shingoni, tatizo ni beringi za usukani, na usukani ukinasa katikati unapougeuza polepole, basi vikombe vya beringi hizo (njia za gololi zake) vimeliwa na kukaza nati hakutasaidia.

Hata hivyo, mimi ningeanzia kwenye pedi, kwa kuwa umesema zilibadilishwa karibuni. Rudi kwenye kabro, na mlio ukianza, gusa breki ya mbele kwa kidole kimoja, kiasi cha pedi kufika kwenye diski tu. Mlio ukikatika papo hapo, na ukarudi ukiachilia, pedi zinacheza ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana kwenye diski. Mna kibati chembamba cha springi kinachozibana, ambacho ni rahisi kusahauliwa pedi zinapobadilishwa. Kwa fundi mlio haupo kwa sababu pikipiki imesimama. Hakuna kinachozitikisa pedi.

Muulizaji:
Nimejaribu leo baada ya swala ya Alasiri. Nilipogusa breki, kimya. Nilipoachilia, mlio ukarudi kabla sijapita nyumba ya pili. Gurudumu na usukani havichezi. Nimefungua kalipa: kibati hakimo, na pini inayoshikilia pedi imelika mpaka ukucha unaingia kwenye alama yake. Kibati na pini nimevipata dukani. Pedi moja imelika mshazari; je, nibadilishe hiyo peke yake?

Jibu la pili:
Badilisha zote mbili pamoja, na usiruhusu grisi iguse pedi wala diski. Ukimaliza kufunga, minya breki mara kadhaa ungali umesimama, mpaka mkono wake uwe mgumu, kwa maana minyo ya kwanza huenda isishike kabisa. Abiria apande baada ya hapo.