Bordeaux ya mgahawa: Saint-Émilion Grand Cru, Cru Bourgeois au Cru Classé daraja la tano?

Meza_ya_Nane
Wakuu, naomba mwongozo. Orodha ya mvinyo ya mgahawa wetu hapa Unguja inapangwa upya, na upande wa Bordeaux nyekundu kuna nafasi moja tu. Muuzaji wa Ufaransa ametuletea bei za aina tatu: Saint-Émilion Grand Cru, Cru Bourgeois Supérieur ya Haut-Médoc (eneo la kaskazini mwa mji wa Bordeaux), na Cinquième Cru Classé (daraja la tano la orodha ya 1855), nayo ya Haut-Médoc. Meneja anaitaka ya kwanza, anasema "Grand Cru" ndicho cheo cha juu kuliko vyote. Mimi nina mashaka. Jibu linatakiwa Ijumaa. Mngechukua ipi?

Kizibo
Kwa maelezo hayo hakuna wa kukujibu, mkuu. Mavuno ya mwaka gani? Katoni ngapi? Mnauza kwa glasi au chupa nzima? Stoo ina nyuzi joto ngapi? Mzigo unakuja kwa kontena la friji au la kawaida? Na bei?

Gironde33
Wakati tunasubiri hayo, meneja asaidiwe kwanza. Saint-Émilion Grand Cru si cheo ambacho shamba limetunukiwa. Ni AOC, yaani jina la eneo linalolindwa na sheria, na mipaka yake ni ile ile ya AOC ya Saint-Émilion ya kawaida. Mkulima mwenye shamba moja anaweza kutangaza hii au ile, mradi atimize masharti: Grand Cru mavuno yake ya msingi ni hektolita 46 kwa hekta badala ya 53, na mvinyo unakaa muda mrefu zaidi kabla ya kutoka. Château (mashamba yanayotengeneza mvinyo wake yenyewe) zinazoandika hivyo ni mamia, kuanzia nzuri sana hadi za kawaida kabisa.

Cheo chenyewe ni Grand Cru Classé, na juu yake Premier Grand Cru Classé. Orodha ya 2022 ina château 85: 71 za Grand Cru Classé na 14 za Premier, na kati ya hizo 14 mbili tu zina herufi A, Pavie na Figeac. Neno "Classé" lisipokuwepo kwenye lebo, unanunua jina la mtengenezaji na udongo wake. Basi uliza jina la château.

Na "Grand Vin de Bordeaux" mkiiona kwa maandishi ya dhahabu, msiisome kama daraja. Haipo kwenye orodha yoyote.

Meza_ya_Nane
Asanteni, na samahani kwa kuacha hayo. Saint-Émilion ni ya 2019, euro 18. Cru Bourgeois Supérieur ni ya 2016, euro 15.50. Cinquième ni ya 2015, euro 36. Zote bei ya Ufaransa kabla ya usafiri na ushuru. Tunataka katoni 20 za chupa sita sita. Glasi na chupa nzima, vyote. Stoo ni chumba chenye kiyoyozi, mchana nyuzi 22, usiku kinazimwa. Usafiri muuzaji amesema atapanga mwenyewe.

Kizibo
Simama hapo kwenye namba mbili. Cru Bourgeois Supérieur ya 2016 haiwezekani.

Historia yake ni hii. Cru Bourgeois ni cheo cha château za Médoc zilizo nje ya Cru Classé. Madaraja matatu ya Cru Bourgeois yalitangazwa 2003, mahakama ikayafuta 2007. Baada ya hapo, kuanzia mavuno ya 2008 hadi ya 2017, kulikuwa na kiwango kimoja tu, Cru Bourgeois bila nyongeza, na kila mavuno yalionjwa upya kabla ya kupewa. Madaraja matatu (Cru Bourgeois, Supérieur, Exceptionnel) yalirudi na orodha ya 2020, ambayo inaanza na mavuno ya 2018. Kwa hiyo ama mwaka umeandikwa vibaya, ama muuzaji ameichukua hadhi ya sasa ya château akairudisha nyuma kwenye chupa ya zamani. Hili la pili hutokea sana kwenye majedwali ya bei, kwa sababu aliyejaza jedwali ametazama orodha mpya tu.

Kabla hujalipa hata senti, omba picha tatu: lebo ya mbele, lebo ya nyuma, na stika ya Cru Bourgeois iliyobandikwa kwenye chupa. Maneno ya jedwali si lebo.

Changarawe
Ikithibitika ni Cru Bourgeois ya 2016 bila Supérieur, bado ningeichukua. 2016 ni mwaka mzuri mno ukingo wa kushoto wa mto, upande wa Médoc: kiangazi kirefu kikavu, usiku wa baridi wakati zabibu zinaiva, zabibu ya Cabernet Sauvignon ikabaki na uchachu wake. Haut-Médoc penye changarawe maji hayatuami, mizizi inashuka chini, zabibu zinaiva vizuri. Kwa euro 15.50 hupati kitu kama hicho mahali pengi.

Hiyo Cinquième nayo uliza jina. Cru Classé za daraja la tano zenye AOC ya Haut-Médoc ni tatu tu: Belgrave, Camensac na Cantemerle. Akikutajia jina nje ya hizo, jedwali lina kosa la pili.

Burgundi
Mimi naona mnahangaika na vyeo vya majengo. Mpango wa 1855, uliozaa hizo Cru Classé za Médoc, ulipanga château, haukupanga ardhi. Madalali wa Bordeaux waliangalia bei za sokoni, wakaandika orodha kwa ajili ya Maonesho ya Paris ya Napoleon III, ikatoka Aprili 1855. Tangu hapo kubwa lililobadilika ni Château Mouton Rothschild kupanda daraja la kwanza 1973. Cru Classé ikinunua hekta kumi za jirani ndani ya AOC ile ile, mvinyo wa hekta hizo unaingia kwenye chupa yenye cheo cha 1855. Burgundy, jimbo jingine la mvinyo la Ufaransa, cheo kiko kwenye kipande cha ardhi, uza usiuze. Mgeni akisoma Gevrey-Chambertin (kijiji cha huko) Premier Cru anajua zabibu zimetoka kwenye mteremko uliopimwa. Toa Bordeaux kwenye orodha yako, weka hiyo.

Changarawe
Na shamba la Clos de Vougeot huko Burgundy je? Hekta 50 na ushei, wamiliki zaidi ya 80, wote wanaandika Grand Cru, wa juu karibu na kasri na wa chini karibu na barabara kuu, ambako udongo ni mzito na maji yanatuama. Ardhi ina cheo, lakini mnunuzi bado analazimika kujua nani amelima na safu zake ziko wapi. Bordeaux angalau jina moja lina mtengenezaji mmoja. Tena kwa bajeti yake ya euro 18 hiyo Premier Cru ya Gevrey haipo sokoni.

Gironde33
Wote wawili mna hoja, ila hiyo ya kudharau cheo cha 1855 mimi siikubali. Kinachokilinda ni bei. Daraja la tano linalofanya kazi vizuri linauzwa juu ya daraja la tatu lililolala, na soko la Bordeaux linajua. Saint-Émilion walichagua kinyume, kupanga upya kila miaka kumi hivi, na matokeo yake ni kesi. Orodha ya 2006 ilifutwa. Ya 2012 ilipelekwa mahakamani miaka. Cheval Blanc na Ausone walijiondoa 2021, Angélus wakafuata mwanzoni mwa 2022, kabla orodha haijatoka. Kwa mwenye mgahawa maana yake ni moja: kwenye Saint-Émilion tazama mwaka wa mavuno pamoja na cheo, maana château iliyopanda 2022 chupa yake ya 2019 haina cheo hicho.

MamaPishi
Ndugu zangu, mtu ana mgahawa Unguja. Hamjauliza sahani.

Pweza wa nazi, samaki wa kupaka, biriani: mvinyo wenye tanini nyingi (kile kinachokausha mdomo) hapo unaharibu vyote viwili. Samaki na tanini vinaacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili inaifanya tanini ikaukie kwenye fizi na pombe iunguze. Kwa meza hiyo Merlot ya Saint-Émilion inapita, mradi imepozwa. Cabernet ya Haut-Médoc mahali pake ni mishkaki ya ng'ombe, mbuzi wa kuchoma, nyama yenye mafuta. Hesabu sahani zinazouzwa zaidi ndipo uamue.

Na kupoza ni lazima. Ile kauli ya "joto la chumba" ni ya vyumba vya Ulaya visivyo na moto wa kutosha. Kwetu chumba ni nyuzi 29. Mvinyo huu unatakiwa nyuzi 16 hadi 18. Ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu, dakika 15 hadi 20, kisha chupa itolewe. Barafu peke yake bila maji inapoza polepole.

Forodha_Kwanza
Hakuna aliyegusa sehemu inayoua mizigo hii. "Muuzaji atapanga usafiri" kwa katoni 20 maana yake ni mzigo wa kuchanganywa na wa watu wengine, na mzigo wa kuchanganywa mara nyingi unaingia kontena la kawaida, lisilo na friji.

Kuna mzigo wa Bordeaux nyekundu uliokuja hivyo. Karatasi zilikuwa sawa, lebo sawa, Grand Cru Classé halali. Kontena lilikaa kwenye jua bandarini likisubiri nyaraka moja iliyokosewa uzito. Mvinyo unapopata joto unatanuka, na nafasi ya hewa chini ya kizibo ni ndogo. Vizibo vikasukumwa juu milimita mbili tatu, kofia za chupa zikavimba. Usiku ulipopoa mvinyo ukanywea, hewa ikavutwa ndani. Ukizungusha kofia kwa vidole haizunguki, imegandiwa na mvinyo uliovuja. Ukikata kofia, ubavu wa kizibo una mchirizi mwekundu hadi juu. Kwenye glasi ukingo ni wa kahawia, harufu ni jamu iliyopikwa na zabibu kavu, mdomoni hakuna tunda. Zaidi ya nusu ya katoni zilikuwa hivyo. Muuzaji alijibu kwamba wajibu wake uliishia mzigo ulipotoka ghalani kwake, na mkataba ulisema hivyo kweli.

Kwa hiyo andika kwenye oda: kontena la friji nyuzi 13 hadi 14, kifaa cha kurekodi joto ndani ya katoni mojawapo, na nani anabeba hasara mzigo ukipashwa. Gharama ikiwa kubwa kwa katoni 20, ungana na hoteli mbili tatu mjaze pamoja. Mzigo ukifika, kagua kabla ya kusaini: katoni yenye doa, kofia iliyovimba, kiwango cha mvinyo shingoni.

Kizibo
Forodha amesema yote. Naongeza stoo: kiyoyozi kinachozimwa usiku ni kibaya kuliko nyuzi 22 zisizobadilika, kwa sababu kupanda na kushuka kwa joto ndiko kunakosukuma kizibo kila siku. Nunueni kabati la mvinyo la chupa 100 hivi kwa akiba, au agizeni kidogo kidogo.

Burgundi
Kwa stoo hiyo hata Cinquième ya euro 36 ni hasara. Uhifadhi ni mbovu na mnataka kulipia miaka ya kuzeeka?

Changarawe
Ya 2015 iko tayari kunywewa, haihitaji kuzeeshwa zaidi. Ila kwa glasi sishauri. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Mbili zisipouzwa ndani ya siku mbili, faida yote imekwenda.

Meza_ya_Nane
Nimepata picha. Namba mbili lebo inasema Cru Bourgeois peke yake, 2016, kama alivyosema Kizibo. Muuzaji anadai ana ya 2018 yenye Supérieur kwa euro 17. Jina la Cinquième bado hajanipa. Saint-Émilion haina "Classé". Meneja sasa anauliza kama nusu chupa zinapatikana ili tuache kuuza kwa glasi.

Gironde33
Zinapatikana, mililita 375, lakini si kila château inazijaza, na bei yake ni zaidi ya nusu ya chupa nzima. Zinazeeka haraka pia, kwa hiyo usichukue za 2016 kwa stoo hiyo. Uliza za 2018 au 2019. Na hilo jina la Cinquième asipokupa kufikia kesho, lifute kwenye orodha.

Burgundi
Bado nasema Gevrey, hata ya kijiji bila Premier Cru.

MamaPishi
Pweza kwanza, Burgundi. Meza, weka hapa menyu ya chakula cha jioni tuione.