Datsun 240Z ya mjomba: niitie injini ya Toyota?

Kijana wa Muyeye: Wazee, shikamooni. Mjomba, Mungu amrehemu, ameniachia Datsun 240Z, giaboksi ya gia nne, injini yake ile ile ya lita 2.4. Inakula oili na gia ya tatu yaruka. Fundi wangu ataka nitie 2JZ ya Toyota na otomatiki yake, eti Mombasa nitafika sijatoa jasho. Mtaani waniambia ni kama kufukua kaburi. Mwasemaje?

Babu Gia: Afadhali ufukue kaburi. Gari hilo ndilo Mehta alishinda nalo mbio za Safari Rally 1971! Otomatiki?

Fundi Barani: Babu, 1971 ni Herrmann. Mehta ni 1973, tena alifungana pointi na Källström. Kijana, tafuta injini ya L28, hata ya Nissan Patrol 160 kuukuu. Ni ukoo mmoja na hiyo yako, inakaa kwenye mauntini zile zile za kushikia injini, sampu tu, lile bakuli la oili la chini, urudishe ya kwako. Giaboksi chukua ya gia tano ya 280ZX. Ukitaka 2JZ jiandae: kuchomelea mauntini mpya, kukata propela shafti, waya zote upya, halafu difu ile ndogo ya nyuma ianze kukulilia.

Babu Gia: Mimi nilisimama kando ya barabara zikipita, wewe hujazaliwa. Usinisahihishe mbele za watu.

Muamu wa Mkomani: Atie anachotaka. Kwetu boti hubadilishwa mashine mara tatu na jina lake ni lile lile.

Mkakoneni: Na Muamu naye ashauri magari? Kwenu Lamu gia ni fimbo ya punda 😂

Muamu wa Mkomani: Punda wangu hajanizimikia Gongoni saa saba mchana petroli ikichemka ndani ya kabureta. Wako je?

Mama Tuli: Hapo umepatikana, Mkakoneni. Ila Muamu nawe usijifanye, bodaboda zimewajaa mpaka Shela.

Muamu wa Mkomani: Nani kazileta? Nyinyi Malindi hata chakula cha jioni mwaagiza kwa Kitaliano.

Mkakoneni: Pitsa imeingiaje hapa?

Muamu wa Mkomani: Ilivyoingia fimbo.

Fundi Barani: Jamani, hilo la petroli kuchemka ni kweli, lakini si sababu ya kutupa injini. Weka bati la kukinga joto chini ya zile kabureta mbili, na paipu ya petroli isipite karibu na ekzosi. Basi.

Mama Tuli: Na logibuku? Nambari ya injini ikibadilika lazima NTSA, wale wa usajili wa magari, wajue. Shemeji yangu alipuuza, akagongwa, bima wakafungua boneti wakacheka. Hakulipwa hata senti.

Babu Gia: Bado namngoja Fundi aniombe radhi.

Fundi Barani: Kwa mwaka gani, Babu?

Kijana wa Muyeye: Kwa hivyo ni L28? Hiyo Patrol 160 nitaipata wapi?

Muamu wa Mkomani: Kwetu Lamu iko moja, pale Mokowe. Bodi imeliwa na chumvi, injini nzima. Njoo nikuonyeshe. Mkakoneni asikanyage.

Babu Gia: Mokowe iko bara, si kisiwani.

Muamu wa Mkomani: Babu, na wewe?

Mkakoneni: 😂😂 Kumbe hata punda hafiki!