Naomba ushauri: jipsamu bodi ngapi kwa sebule na vyumba vitatu?

Habari zenu wakuu. Nimejenga Dodoma, bati lipo juu tayari, sasa nimefika kwenye dari na fundi ananichanganya.

Sebule ni mita 5.4 kwa 4.2. Vyumba ni vitatu, kila kimoja 3.6 kwa 3.3. Bodi ni zile za milimita 9, mita 1.2 kwa 2.4. Nikigawa eneo tu napata bodi 21. Jana nikachukua daftari la mwanangu nikachora chumba kwa chumba: kila chumba kinakula 5, sebule 9, jumla 24. Fundi kaandika 30. Nikimuuliza anajibu, "Vipande vinapotea, bosi." Sita nzima zinapotelea wapi jamani?

Halafu saa nane mchana humo ndani ni tanuri, kwa hiyo nataka kuweka juu ya dari zile bodi nyeupe za povu za kuzuia joto.

Waliopitia hili: nikinunua 26 nitakwama? Na bodi za povu nihesabu eneo lote la dari, au nitoe upana wa mbao maana zinakatwa kuingia katikati yake?