MJADALA: Je, ukataji wa vilele vya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, kwa ajili ya makaa ya mawe upigwe marufuku kabisa?

Mto Lukuga
Ndugu wachangiaji, naishi Louisville, Kentucky, ambako umeme wetu kwa sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe. Mashariki mwa jimbo hili na katika jimbo jirani la West Virginia, msitu hufyekwa, miamba hulipuliwa kwa nitrati ya amonia iliyochanganywa na dizeli, kilele cha mlima huondolewa tabaka kwa tabaka hadi makaa yaonekane, na kifusi husukumwa bondeni juu ya vijito. Mwaka 2011, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira lilikadiria kwamba karibu maili 2,000 za vijito, yaani zaidi ya kilomita 3,000, zilikuwa zimefukiwa. Sheria ya mwaka 1977, iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter, inamtaka mchimbaji airudishe ardhi katika umbo lake la awali, lakini inamsamehe anayekata kilele akiahidi kwamba uwanda utakaobaki utapata matumizi mengine. Mimi nauita msamaha huo ruhusa ya uporaji. Je, uchimbaji huu udhibitiwe zaidi, au ukomeshwe?

Fundi Mitambo
Neno "uporaji" limenichoma. Nimeendesha mitambo katika mgodi wa wazi wa makaa huku Ruvuma, na sijawahi kumpora mtu. Tarehe 5 Aprili 2010, mgodi wa chini ya ardhi wa Upper Big Branch, West Virginia, ulilipuka ukaua wachimbaji 29. Mgodi wa wazi hauna paa la kumwangukia mtu, wala gesi haijifungii ndani yake ikingoja cheche. Anayetaka ufungwe atuambie kama yuko radhi kuwarudisha vijana wa migodi ya wazi shimoni. Ama kuhusu vumbi na milipuko, Marekani ni nchi kubwa, na asiyetaka kuishi chini ya mgodi anaweza kuhama.

Bi Mwanakombo
Kaka Fundi, mengine nitayaacha, lakini hilo la kuhama siliachi. Mkuki kwa nguruwe! Watu unaowaambia wahame ndio wenye mashamba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanunuzi walipita katika mabonde ya Kentucky Mashariki wakinunua haki ya madini yaliyo chini ya mashamba kwa bei ya kutupa, na wauzaji wengi wasiojua kusoma walitia alama ya X tu. Hati zile zilimruhusu mnunuzi kufanya lolote lililohitajika ili kuyatoa madini, na zilitiwa saini wakati ambapo uchimbaji ulimaanisha mtu mwenye sururu na taa. Wajukuu wao wakakuta tingatinga shambani. Mwaka 1956, mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba mwenye haki ya madini hadaiwi fidia kwa kuharibu uso wa ardhi, ilimradi hakufanya hivyo kwa nia mbaya. Novemba 1965, mjane Ollie Combs wa Knott County, mwenye umri wa miaka 61, aliketi mbele ya tingatinga lililokuwa likitishia nyumba yake. Polisi wakambeba juujuu, huyu kashika mikono na yule miguu, na chakula cha Sikukuu ya Shukrani akakila jela. Ni mwaka 1988 tu ndipo wapiga kura wa Kentucky, zaidi ya asilimia 80 yao, walipobadili katiba ya jimbo ili hati hizo za zamani zisiwe tena kisingizio cha kupasua shamba la mtu bila ridhaa yake. Sasa huyo ahame aende wapi, na kwa fedha ipi, iwapo nyumba iliyo chini ya mgodi haipati mnunuzi ila mgodi wenyewe?

Mdadisi wa Tanga
Namuunga mkono Bi Mwanakombo. Na tusisahau Buffalo Creek, ambako mlima uliokatwa uliporomoka ukaua watu zaidi ya mia moja, kisha kampuni ikasema ni kazi ya Mungu.

Mwalimu Chacha
Ndugu Mdadisi, haukuporomoka mlima. Tarehe 26 Februari 1972, huko Logan County, West Virginia, lilipasuka bwawa lililojengwa kwa taka za mgodi ili kuzuia maji meusi ya kuoshea makaa. Watu 125 walikufa, na zaidi ya 4,000 wakakosa makazi. Hilo la kazi ya Mungu ni kweli, lilisemwa. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu makaa huoshwa, yawe yametoka shimoni au kileleni, na tope lake hubaki juu ya vichwa vya watu. Oktoba 2000, huko Martin County, Kentucky, sakafu ya bwawa la namna hiyo ilitoboka, tope likaingia katika mgodi wa chini ya ardhi na kutokea upande wa pili: zaidi ya lita bilioni 1 zilimiminika katika vijito vya Wolf Creek na Coldwater Fork. Hakufa mtu, lakini samaki walikwisha, na nyua za watu zilifunikwa na uji mweusi mzito. Anayepiga marufuku ukataji wa vilele peke yake ameiacha hatari hiyo palepale.

Fundi Mitambo
Nashukuru, Mwalimu. Lakini Bi Mwanakombo amenifanya nionekane mtu asiye na utu. Sheria hiyohiyo ya 1977 inakataza kuchimba ndani ya futi 100, takriban mita 30, kutoka makaburini. Sheria inayowalinda hata wafu haiwezi kuitwa ruhusa ya uporaji.

Bi Mwanakombo
Mita 30! Marehemu Larry Gibson alikataa kuuza ardhi ya ukoo wake, yenye makaburi, juu ya mlima Kayford, West Virginia. Utotoni alikuwa akiinua macho kuvitazama vilele vilivyomzunguka. Kabla ya kufariki mwaka 2012, aliwaonyesha wageni mgodi uliokuwa chini ya miguu yake, pale vilele hivyo viliposimama. Ndugu wanaokwenda kuzuru kaburi lililozingirwa na mgodi wamelazimika kupita katika lango la kampuni, kuvaa kofia ngumu na kusindikizwa. Huko ndiko unakokuita kulindwa?

Mto Lukuga
Nawaomba turudi kwenye swali. Fundi ametaja vijana. Katika miaka ya 1940, West Virginia ilikuwa na wachimbaji wa makaa zaidi ya 100,000. Leo hawafiki 20,000, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea kabla ya sheria ya 1977, mashine ziliposhika nafasi ya watu. Mgodi wa kilele hutumia baruti nyingi na watu wachache, na ndiyo sababu kampuni zinaupenda. Wanaobaki bondeni wanapata maji yanayopenya kwenye kifusi yakibeba kemikali kama salfati na seleniamu kwa miaka mingi baada ya nyasi kuoteshwa juu yake. Na wanaugua.

Fundi Mitambo
Habari ya maji naikubali. Kuhusu kuugua, umaskini na sigara pia huua, na maeneo yale yana vyote viwili.

Mwalimu Chacha
Watafiti hawakulisahau hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulizingatia uvutaji sigara wa akina mama, na bado ukaona kasoro za kuzaliwa zikiwa nyingi zaidi katika wilaya za migodi ya vilele. Wengine wakaupinga baadaye. Ili kukata mzizi wa fitina, serikali kuu ilivikabidhi Vyuo vya Taifa vya Sayansi, yaani jumuiya ya wanasayansi wanaoishauri serikali, kazi ya kuupitia ushahidi wote, kwa takriban dola milioni 1. Agosti 2017 Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huko Marekani husimamia ardhi ya umma na uchimbaji, iliamuru kazi isimame, ikisema inakagua matumizi yake.

Fundi Mitambo
Basi utafiti huo umalizwe. Ukionyesha kwamba ni mgodi unaowaumiza, nitakubali vibali vipya visitolewe. Kumhukumu mtu kwa shaka sikubali.

Bi Mwanakombo
Na vibali vinavyotolewa wakati tunausubiri, Kaka Fundi, vinatolewa kwa uhakika gani?