Wifi kaniandika "ataosha sufuria" mbele ya ukoo mzima

MkeWaKatikati:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sijala, sijaoga, mtoto ananiita namwambia ngoja.

Wifi yangu mnamjua. Msijifanye hamumjui, kila ukoo unaopanda Kilimanjaro Desemba unaye mmoja. Ndiye mweka hazina, ndiye mwenye grupu la WhatsApp, ndiye anayejua mbuzi kanunuliwa wapi na nani hajatoa hela. Akipita uani hata kuku wanajipanga mstari.

Jana saa tatu usiku kaweka orodha ya michango ya Krismasi kwenye grupu. Tuko watu 61 mle, wazee wa Marangu wamo, mchungaji yumo. Laki moja kila nyumba, kwa ajili ya mbuzi wa ndafu, mchele, ndizi za mtori na pombe ya mbege. Mbele ya kila jina kuna hela. Kaka mkubwa laki tatu. Shangazi laki na nusu. Nashuka, nashuka, nafika kwangu. Elfu hamsini niliyotuma tarehe 5 haipo. Pameandikwa: "Ataosha sufuria."

Ataosha sufuria!

Chini yake watu kumi na mmoja wameweka emoji za kucheka. Mchungaji naye kacheka. Mume wangu kasoma, tiki za bluu nimeziona, kanyamaza kama kisiki.

Na hizo sufuria mnazijua? Ile ya supu anaingia mbuzi na mchungaji wake. Mwaka jana nimeisugua kwa majivu na majani makavu ya mgomba tangu watu wanatoka kanisani mpaka giza linaingia, maji ya mfereji yanashuka mlimani, vidole vimekufa ganzi, yeye amekaa kwenye kiti ananionyesha palipobaki masizi.

Nimeolewa kutoka Singida. Miaka tisa sijakosa Desemba hata moja. Kuna mwaka nina mimba ya miezi saba nimepanda basi Mbezi alfajiri, nimefika Marangu saa sita usiku miguu imevimba kama mihogo. Dawa za presha za mama mkwe nanunua mimi. Hayo kwenye orodha hayamo. Limo "ataosha sufuria".

Kinachoniuma zaidi, duka langu limefungwa tangu Septemba na yeye anajua, nilimwambia mwenyewe, kwa siri. Nikamwomba anisubiri hiyo hamsini iliyobaki mpaka tarehe 23. Akanijibu, "Usijali wifi yangu." Usijali wifi yangu! Halafu ataosha sufuria.

Mwaka huu siendi. Ndizi za mtori wamenye wenyewe, na wasipojua kumenya wale na maganda.

KifuaChaMbuzi:
Siti ya mbele nimeshawahi. Endelea dada.

WaRombo:
Elfu hamsini kwenye ndafu? Hiyo inanunua mkia. Osha sufuria.

MkeWaKatikati:
Hamsini NILITUMA na meseji ya muamala ninayo! Hakuiandika kabisa! Soma uzi kabla ya kukurupuka.

WaRombo:
Nimesoma. Mkia na kwato.

BibiKibosho:
Pole mwanangu. Mimi nimeziosha miaka 34. Sasa nakaa kwenye kigoda, naletewa supu ya kisusio ya moto nikiwa nimejifunika khanga. Lakini hakuna aliyewahi kuniandika kwenye orodha. Huyo kavuka mpaka.

WifiMtu:
Mbona mawifi ndio tunasemwa kila Desemba? Mnajua kazi ya kukusanya hela za watu wazima? Unampigia mtu mara saba, ya nane anakwambia yuko kwenye kikao, saa nne usiku! Kwetu yuko mke wa kaka anakuja na begi tupu, anarudi Dar na mikungu mitatu ya ndizi, gunia la parachichi na paja la mbuzi. Huyo nani kamfungulia uzi?

MkeWaKatikati:
WifiMtu ni wewe? Sema kama ni wewe. Uliandika "ataosha sufuria" au hukuandika?

WifiMtu:
Dada mimi ni wa Machame, sikujui.

MtuWaBukoba:
Bora nyie mnagombania sufuria. Kwetu ni senene. Mama kakaanga ndoo nzima, kampa kaka atugawie wote watano. Kafika Dar na robo ndoo, anasema walipofungua njiani wakaruka. Senene wa kukaangwa wanarukaje?

KifuaChaMbuzi:
Waliruka wakaingia mdomoni 😂😂

MtuWaBukoba:
Usicheke, nimesubiri hao senene tangu mvua zianze.

MtuWaOcha:
Nyinyi wa Tanzania mko na shida ndogo. Huku Nairobi nauli ya kwenda Busia imepanda maradufu, na ukifika kila mtu anakuuliza umemletea nini. Mwaka jana nilibeba mikate sita, binamu akafungua begi langu kutafuta ya saba.

Kisusio:
Nje ya mada kidogo. Wa mbege ya tarehe 25, ndizi mmeshachemsha? Zinataka kukaa siku kadhaa zichachuke kabla ya kutia ulezi. Mwaka jana kwetu walichelewa, tukanywa uji. Na yale magome machungu ya msesewe walivyoyazidisha, nilidhani nimepewa dawa ya malaria.

BibiKibosho:
Msesewe ni kidogo tu mwanangu. Anayezidisha hakufundishwa na mama yake.

WaRombo:
Mbege ni Rombo. Kwingine mnachemsha ndizi tu.

BibiKibosho:
Rombo mnajua kunywa. Kupika tunapika sisi.

WifiMtu:
Machame hatujasema neno, tunawaangalia.

MkeWaKatikati:
Jamani! Kaniandika ATAOSHA SUFURIA!

Kisusio:
Pole dada. Lakini ukibadili mawazo ukaenda, niangalizie bei ya ulezi pale sokoni Mwika.