Mliowahi kugongewa mlango na ustawi wa jamii huku ughaibuni: tupeane uzoefu

Mama Zuu: Jana kuna mtu kaandika "hawachukui mtoto bila sababu", nimekosa usingizi. Mwanangu alizaliwa na madoa ya bluu mgongoni na makalioni. Watoto wengi weusi na wa Kiasia huzaliwa nayo, hayaumi, hufifia wakikua. Dada wa kituo cha kulelea watoto akambadilisha nepi, akayaona, akapiga simu. Jioni maafisa wawili sebuleni kwangu. Lugha yao sikuimudu bado na mkalimani hakuletwa, wakamtumia binti yangu wa miaka minane. Mtoto anaambiwa, "Muulize mama nani anampiga mdogo wako." Akaangua kilio. Wakaandika kwamba ananiogopa. Wakafungua friji, mwisho wa mwezi, ndani chupa ya maji na mayai. Nayo wakaiandika! Wakamchukua mdogo, akalala kwa watu na bado ananyonya, maziwa yananilowesha blauzi. Daktari wa watoto alimtazama tu: alama ya kuzaliwa. Lakini hawakumrudisha siku ile, kisa friji.

Kipanga: Pole dada. Yaleyale ya kwetu.

Baba Neema: Pole sana, ila tusiwasakame. Kuna watoto wamekufa kwa sababu afisa hakuingia ndani.

Mchaichai: Nani kasema wasiingie? Nilikofanya kazi za ndani mtoto alivunjika mkono, baba akasema kaanguka na baiskeli, yakaisha. Nyumba ya geti nani anafungua friji?

Mwana wa Sheria: Kanada, sensa ya 2021: watoto wa jamii za asili ni 7.7% ya watoto wa chini ya miaka 15, ila kati ya wanaoishi kwenye familia za malezi, yaani waliotolewa kwa wazazi wao, ni 53.8%. Na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 imesema wazi, umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi.

Baba Neema: Kanada wana historia yao ya shule za bweni, watoto wa jamii za asili walitolewa kwa wazazi wao na kupelekwa huko.

Mchaichai: Na wanaochukuliwa leo ni wajukuu wa waliopelekwa huko! Hiyo historia imeisha lini?

Simba wa Nyika: Msifungue mlango mpaka wakili afike.

Kipanga: Ukifunga watarudi na polisi. Wakaribishe, dai mkalimani mtu mzima, usisaini usichokielewa.

Tumaini: Mama Zuu, nina mimba ya miezi minane. Nifanyeje?

Mama Zuu: Akizaliwa nayo, mwambie mkunga ayaandike kwenye kadi ya kliniki kabla hujatoka wodini. Aandike yako wapi na ukubwa wake. Kadi itembee na mtoto.