Nilibatizwa nikiwa mtoto, sasa naambiwa nirudi majini. Ubatizo ni nini hasa?

BintiLuanda
Habari zenu wapendwa. Nimekaa na hii maneno wiki tatu na sina amani. Nimezaliwa pande za Luanda kule Vihiga, kwetu ni ACK, yaani Anglikana, tangu nyanya, nikabatizwa nikiwa na miezi minne, mchungaji akanimwagia maji kichwani na jina nililopewa hiyo siku ndilo natumia mpaka leo. Saa hii niko Nakuru kikazi, nakaa Free Area, na mwaka jana nimeokoka kwa kanisa ya kiroho hapa mtaani, na Mungu amenitendea mengi hapo sitadanganya.

Sasa Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna ubatizo, tangi liko nyuma ya kanisa, na pasta amesema wote waliobatizwa utotoni wajiandikishe kwa sababu ule haukuwa ubatizo, tulilowa maji tu. Nilipopigia mama nimwambie alinyamaza mpaka nikafikiri simu imekatika, halafu akaniuliza, kwa hivyo baba yako alisimama pale mbele akasema uongo? Baba ndiye alinibeba hiyo siku na ameshatutoka, cheti changu mama anakiweka kwa sanduku pamoja na kitambulisho chake.

Sitaki mtu anichagulie kanisa. Nataka kuelewa hayo maji yanafanya nini, na kama niliyopata mtoto yanahesabika.

MtoYala
Dada pole. Mimi nimelelewa PAG, kanisa la Kipentekoste, na naamini kuzamishwa, wacha nikueleze kwa nini, si kwa ubishi. Neno lenyewe la Kigiriki ni kuchovya, kuzamisha. Paulo kwa Warumi 6 anasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo tukainuka naye, na mtu hazikwi kwa kunyunyiziwa mchanga kidogo kwa paji la uso, anaingia chini mzima. Yule towashi wa Ethiopia kwa Matendo 8, yeye na Filipo walishuka wote wawili mpaka majini. Na Marko 16:16 inaanza na kuamini ndipo kubatizwa, sasa mtoto wa miezi minne ameamini nini?

Mimi nilibatizwa mtoni nikiwa na miaka 17, maji ya asubuhi baridi mpaka mifupa, wamama wako ng'ambo wanaimba, na mzee aliyenishika akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote kama namkubali Yesu kuwa Bwana na mwokozi wangu. Nilijibu mwenyewe. Hiyo siku imeniokoa mara nyingi, nikitaka kurudi nyuma nakumbuka nilisema kwa mdomo wangu na kijiji kizima kilisikia. Ndio nakutakia uipate. Lakini kusema baba yako alikulowesha tu, hapo pasta amekosea. Baba yako alikuleta kwa Mungu na Mungu aliona.

Katekista_Ksm
Amani kwenu. Mimi ni katekista Mkatoliki hapa Kisumu, nimefundisha wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi na hili swali linarudi kila Pasaka.

MtoYala ameeleza vizuri upande wa anayebatizwa, lakini mimi naanza na Mungu. Ubatizo tunaupokea, hatujipi, ndio maana hata askofu hawezi kujibatiza mwenyewe. Lidia alibatizwa na nyumba yake, askari wa gereza la Filipi vilevile na watu wake wote usiku uleule (Matendo 16), na Petro siku ya Pentekoste alisema ahadi ni yenu na ya watoto wenu. Wayahudi walitahiri mtoto siku ya nane na hakuna aliyengoja mtoto aseme anaamini, na Paulo kwa Wakolosai 2 anaweka tohara na ubatizo pamoja.

Kuhusu wingi wa maji, kuna maandishi ya Wakristo wa kwanza kabisa yanaitwa Didake, yanasema batizeni kwa maji yanayotiririka, kama hakuna tumieni mengine, na kama hata hayo hayatoshi mwageni kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa hivyo kumwagia hakukuletwa juzi na wamisionari.

Na kurudia, Kanisa liligombana juu ya hilo Afrika Kaskazini, watu wakisema padre aliyeikana imani wakati wa mateso ubatizo wake ni bure. Mtaguso wa Arles, mkutano wa maaskofu wa mwaka 314, ukakataa, aliyebatizwa kwa Utatu asirudiwe, awekewe mikono tu. Baadaye Augustino, askofu wa hukohuko Afrika Kaskazini, akafundisha kwamba hata Yuda akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Ndio maana mtu wa ACK akija kwetu na cheti chake hatumbatizi tena.

MtoYala
Lakini Matendo 19 Paulo aliwabatiza tena wale wa Efeso, na walikuwa wameshabatizwa.

Katekista_Ksm
Walikuwa na ubatizo wa Yohana, wa toba, na Roho Mtakatifu hata hawakuwa wamesikia habari zake. Huyu binti alibatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho.

BintiLuanda, ulipata kipaimara?

RafikiKaimosi
Naongeza kidogo kwa sababu mko pande za kwetu na mmetusahau. Sisi Friends, wale wanaoitwa Quakers, tuko Kaimosi tangu 1902 na hatubatizi kwa maji kabisa, Salvation Army nao hawabatizi kwa maji, na Vihiga imejaa hao wote. Tunashika maneno ya Yohana mwenyewe kwamba yeye anabatiza kwa maji ila anayekuja atabatiza kwa Roho Mtakatifu na kwa moto. Nyanya yangu hakuguswa na tone, na sijaona mtu aliyesamehe watu kama yeye, alilea watoto wa mwanamke aliyemvunjia nyumba. Sikuambii uache maji. Lakini usiingie tangini kwa kuogopa kwamba Mungu bado hakujui, hapana, hiyo hofu haitoki kwake.

BintiLuanda
Nimesoma zote mara mbili, nimelia kidogo kwa ya Rafiki.

Katekista, sikupata. Nilianza darasa nikiwa form two nikaacha, tulihamishwa shule na sikurudi, na nilikuwa nimesahau kabisa mpaka umeuliza. Nimempigia mama jana usiku nikamuuliza kipaimara ni cha nini, akasema ni wewe sasa kusema yale baba yako alikusemea, na askofu anakuwekea mikono. Hicho kitu MtoYala anasema cha kujibu kwa mdomo wangu mbele ya watu, kumbe nilikuwa nimewekewa na ni mimi sikukifikia.

Jina sijaandika kwa ile orodha. Nimemwambia pasta anipe muda, hakufurahi lakini amekubali tuongee Alhamisi na nitaenda na Biblia yangu, nimuulize hiyo ya Filipi. Ijumaa nashika matatu ya kwenda nyumbani, nataka mama anionyeshe hicho cheti nisome mwandiko wake. MtoYala, ulisema yule mzee alikuuliza swali mtoni, uliulizwa moja tu ama kulikuwa na mengine?